Maswali ya Wasomaji: Ndizi Zilizoiva Kupita Kiasi na Mkate Wake

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni ndizi zinazoivia jikoni kabla hazijaliwa. Kwa joto hili la Dar es Salaam, chane uliyoinunua gengeni Jumatatu ikiwa ya manjano tupu huwa imeshaota madoadoa ifikapo Alhamisi, na Jumamosi ganda limekwisha kuwa jeusi na vinzi vinaizunguka. Wengi huitupa. Mimi huiona kuwa kiungo cha kuokea ambacho huwezi kukinunua dukani, kwa sababu hakuna muuzaji anayesubiri ndizi zake zifikie hatua hiyo kwa kupenda. Nimechagua barua nane, na nitakawia zaidi kwenye zile ambazo makosa yake nimeyaona yakijirudia katika nyumba nyingi.

*Shikamoo mama. Nilikuwa na ndizi saba ndefu zilizokwisha kuwa nyeusi, na maelekezo niliyopewa na jirani yalisema nitumie tatu kwa vikombe viwili vya unga. Niliona uchungu kuzitupa nne zilizobaki, nikaziponda zote. Mkate uliumuka hadi ukingoni mwa chombo, lakini nilipoutoa ulibonyea katikati, na nilipoukata nikakuta sehemu ya chini imeshikana kama uji uliopoa. Nilikosea wapi? – Mama wa watoto watatu, Tandika*

Marahaba, mwanangu. Kuzihurumia ndizi si kosa. Kosa liko katika maji, ambayo hayaonekani kwa macho na ndiyo maana yanawaponza wengi. Ndizi mbivu, hata ikiwa nzito na nene mkononi, robo tatu ya uzito wake ni maji. Ndizi ndefu moja ikishamenywa huwa na uzito wa karibu gramu 118, kwa hiyo tatu zinakaribia gramu 350 na saba zinakaribia gramu 830. Ulipoongeza zile nne uliongeza karibu gramu 470 za ndizi, na ndani yake mlikuwa na maji ya gramu 350 hivi, yaani karibu kikombe kimoja na nusu cha maji ambacho jirani yako hakukitaja na ambacho vikombe viwili vya unga haviwezi kukibeba.

Kilichotokea ndani ya oveni ni hiki. Bekingi soda ilikutana na uchachu wa ndizi ikatoa gesi, maji nayo yakageuka mvuke, na vyote viwili vikausukuma mchanganyiko juu, ndiyo maana uliuona mkate ukifika ukingoni ukafurahi. Mkate husimama pale tu wanga wa unga na ute wa mayai vinapokauka na kuwa kuta za vile vitundu vidogo vilivyojaa gesi. Kuta zako zilikuwa bado mbichi, na ulipotoa chombo, mvuke ukapoa ukasinyaa, kuta zikalala. Ile sehemu iliyoshikana chini ni wanga uliovimba kwa maji na usipate nafasi ya kukauka. Hata ungeuacha nusu saa zaidi, juu ungeungua kabla chini hapajaiva.

Kwa hiyo ninakuomba, wewe na wengine wote mnaooka kwa ndizi, acheni kuzihesabu na anzeni kuzipima. Ndizi za sokoni kwetu hazilingani hata ndani ya chane moja, na neno "ndizi tatu" lina maana moja kwa anayenunua mtwike, ile ndizi ndefu, na maana nyingine kabisa kwa anayenunua kisukari, ile ndogo. Ziponde kwanza kwa uma, kisha pima kikombe kimoja na nusu cha kupimia, au gramu 350 kama una mizani, na kinachozidi kiweke kando kwa siku nyingine.

Ukimenya ndizi iliyofikia hatua hii, fanya hivyo juu ya bakuli. Ganda lake limekuwa jembamba na huachia lenyewe, nyama ya ndani imegeuka rangi ya asali kwenye kingo, na baada ya dakika chache utaona maji ya hudhurungi yamekusanyika chini ya bakuli. Usiyamwage, kwa sababu harufu na utamu mwingi umo humo. Yaingize katika kipimo chako pamoja na nyama.

Vipimo ninavyovitumia mimi kwa mkate mmoja ni vikombe viwili vya unga wa ngano, yaani gramu 250, kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kilichosawazishwa kwa kisu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na iliki iliyotwangwa nusu kijiko au mdalasini kijiko kimoja kwa anayeupenda. Katika bakuli la pili huyeyusha siagi gramu 100, nikaiacha ipoe, kisha nikatia sukari gramu 100, mayai mawili na ndizi zilizopimwa. Kiasi hicho cha sukari kitawaonekea wengine kidogo, lakini ndizi mbichi ina wanga unaofikia asilimia 20 au zaidi ya uzito wake na sukari kidogo mno, na inapoiva wanga huo karibu wote hugeuka kuwa sukari. Anayetia kikombe kizima cha sukari juu ya ndizi nyeusi anafunika ladha ya ndizi yenyewe, nami sioni sababu ya kununua kilichokwisha kutengenezwa bure ndani ya ganda.

Unga ukishakutana na vitu vya majimaji, changanya kwa mwiko kwa mizunguko michache ya kufunua kutoka chini kwenda juu, na pale tu unga mkavu unapotoweka, acha, hata kama unaona mabonge madogo ya ndizi. Anayeendelea kupiga huikaza gluteni, ile protini ya unga inayovutika, na mkate hutoka mgumu wenye mashimo marefu ndani. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 175 za Selsiasi, chombo kiwe kimepakwa siagi, na usifungue mlango kabla ya dakika 40 kupita. Kati ya dakika 55 na 65, choma katikati kwa kijiti cha mshikaki: kikitoka na chembe chembe kavu mkate umeiva, kikitoka na ute urudishe. Uache ndani ya chombo dakika 10, kisha utoe upoe juu ya waya.

*Dada mpendwa, nilipokosa bekingi soda nilitumia magadi ninayopikia maharage, kwa kuwa dukani waliniambia ni kitu kimoja. Mkate ulitoka na rangi nyeusi ya ajabu na ladha ya sabuni, na mume wangu aliuonja mara moja akauacha. Je, ni kweli ni kitu kimoja? – Bibi harusi mpya, Buguruni*

Si kitu kimoja, ingawa ni ndugu, na kosa hilo si lako bali la aliyekuuzia kwa maelezo ya haraka. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande ni chumvi ya asili inayopatikana katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama vile Ziwa Natron kule kaskazini mwa nchi yetu na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Ndani yake mna bikaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo bekingi soda, lakini mna pia kaboneti ya sodiamu, ambayo ni kali zaidi, pamoja na chumvi nyingine na uchafu wa udongo usiolingana kutoka fungu moja hadi jingine. Ukali huo ndio unaolainisha ganda la maharage. Katika mkate unakutana na mafuta na mayai na kuacha ladha ile ya sabuni, na unageuza rangi ya ndizi kuwa nyeusi isiyopendeza.

Hata bekingi soda halisi italeta ladha hiyo ikizidi. Ndizi ina uchachu mdogo, hivyo soda inayozidi kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya unga haipati uchachu wa kuimaliza nayo hubaki ndani ya mkate. Usipopata soda, tumia bekingi pauda, ambayo imeshachanganywa na uchachu wake, lakini nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo utahitaji vijiko vitatu vya chai mahali pa kimoja cha soda. Mkate wake utakuwa mweupe zaidi, maana ni soda inayosaidia ile rangi ya kahawia tuliyoizoea.

Niongeze jambo kuhusu hali ya hewa yetu. Wakati wa masika mwaka uliopita nilioka mikate miwili iliyotoka mizito kama matofali, na nilipochunguza nikakuta bekingi pauda niliyoinunua duka moja la jirani ilikuwa imefunguliwa na kupimwa kwenye vifuko, ikanywa unyevu wote wa hewa. Tangu siku hiyo hujaribu kwanza. Pauda hutiwa kijiko ndani ya maji ya moto, soda hukamuliwa ndimu juu yake, na isipofoka papo hapo siioki.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana ninayepanga chumba kimoja Manzese, sina oveni ila jiko la mkaa na sufuria. Ninapenda sana mkate wa ndizi lakini kila nikijaribu chini unaungua na juu unabaki mbichi. Je, niache? – Kijana wa chumba kimoja, Manzese*

Marahaba, mwanangu, na usiache hata kidogo. Mama zetu wameoka keki za harusi na mikate ya sinia kwa mkaa miaka mingi kabla oveni hazijaingia majumbani, na mkate wa ndizi unavumilia moto usio sawa kuliko keki nyingi, kwa sababu unyevu wake unaukinga usikauke haraka.

Kosa lako ni la wengi: umeweka moto wote chini. Joto la mkaa wa chini hugusa chuma cha sufuria moja kwa moja, wakati juu ya mkate kuna hewa tu, na hewa haibebi joto kwa wingi. Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa wa bati au alumini. Ndani yake tandaza mchanga mkavu uliooshwa na kuanikwa, unene wa vidole viwili, kisha weka juu yake mawe matatu madogo yanayolingana au kigoda cha chuma. Mchanga ni wa kupokea joto na kulisambaza polepole, mawe ni ya kuinua chombo cha mkate kisiuguse mchanga. Funika, weka juu ya jiko lenye mkaa ulioshika vizuri, na uiache ipate moto kwa dakika 15 kabla ya kuingiza chochote.

Mchanganyiko ukiwa tayari, punguza makaa ya chini hadi yabaki machache yaliyotawanyika pembeni mwa jiko, na yale uliyoyatoa uyapange juu ya mfuniko, mengi zaidi kwenye ukingo kuliko katikati. Kanuni ya wapishi wa mwambao ni kwamba moto wa juu uuzidi wa chini, na mimi huweka mafungu mawili juu kwa fungu moja chini. Huna kipimajoto, lakini una pua na mkono. Baada ya dakika 20 utasikia harufu ya ndizi na siagi ikitoka kwenye ukingo wa mfuniko. Ikiwa harufu ya kuungua imetangulia, ondoa makaa ya chini mara moja. Ukipeleka kiganja chako juu ya mfuniko kwa umbali wa shubiri moja na ukaweza kuvumilia hadi ukahesabu saba au nane, joto linatosha, na ukishindwa kufika tatu, ni kali mno. Kwa vipimo nilivyompa mama wa Tandika, gawanya mchanganyiko katika vyombo viwili vya mviringo visivyo na kina na uoke kimoja kimoja, kila kimoja kwa dakika 35 hadi 45, kwa kuwa mkate mwembamba huiva katikati kabla kingo hazijaungua. Unapofunua kuchoma kijiti, inua mfuniko wima bila kuuinamisha, vinginevyo majivu yataangukia mkate.

Sasa lililo zito kuliko mkate. Kwa kuwa unaishi chumba kimoja, usiokee ndani. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na saa nzima ya kuoka ndani ya chumba kilichofungwa inatosha kukuua ukiwa umelala. Peleka jiko barazani au uani, hata kama mvua inanyesha na itakubidi usubiri siku nyingine.

*Niliweka ndizi za manjano kwenye friji ili zisiiva haraka, asubuhi nikazikuta nyeusi. Je, zimeharibika, na je, naweza kuzitumia kwa mkate? – Msomaji wa Kijitonyama*

Hazijaharibika, ila hazijaiva pia. Ndizi ni tunda la nchi za joto, na ikikaa chini ya nyuzi 13 za Selsiasi kwa muda, chembe za ganda lake huumia na ganda hugeuka jeusi, wakati nyama ya ndani imesimama palepale ilipokuwa. Menya moja uonje: utaikuta ngumu kiasi na utamu wake ni uleule wa jana. Ganda jeusi la friji lisikudanganye ukapunguza sukari ukidhani wanga umekwisha kugeuka.

Utaratibu mzuri ni kuziacha ziive kwanza mezani, na zikishafikia madoadoa mengi na harufu kali ndipo uziingize kwenye friji, zitakusubiri siku tatu au nne zaidi. Ukitaka kuziharakisha, zivundike kama walivyofanya wazee wetu. Ndizi inapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini inayoziamsha nyingine ziive, na ukiifungia gesi hiyo ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na papai au parachichi bivu, kazi ya siku nne hufanyika kwa mbili. Wapo wanaozitia ndizi zikiwa na ganda lake ndani ya oveni ya moto kwa dakika 20 hadi ziwe nyeusi. Zitalainika na kupondeka kwa urahisi, lakini ule utamu wa kuiva kwa siku nyingi hautapatikana kwa njia hiyo, na mimi siipendi.

*Nanunua ndizi zangu Mabibo, na huko zipo za kila namna. Ipi inafaa zaidi kwa kuoka: mtwike, kisukari au mzuzu? – Mama mwenye mgahawa mdogo, Mbezi*

Mtwike, ile ndefu inayofanana na ndizi za kusafirishwa nje, ndiyo iliyo salama zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa maelekezo mengi ya mkate huu yametungwa kwa ndizi za aina hiyo. Mkate wa ndizi wenyewe ulienea katika vitabu vya upishi vya Marekani miaka ya 1930, wakati bekingi soda na bekingi pauda zilipokuwa zimeshazoeleka majumbani na hali ngumu ya uchumi ikawafundisha watu kutotupa chakula, na huko ndizi iliyojulikana ilikuwa ndefu ya manjano.

Hata hivyo, ukiniuliza mimi nipendacho, nitakujibu kisukari bila kusita. Ni ndogo na kuimenya ni kazi, huenda ukahitaji saba au nane kufikisha kikombe kimoja na nusu, lakini ladha yake ni nzito na ina uchachu mwembamba unaobaki hadi ndani ya mkate, jambo ambalo mtwike haina. Kwa mgahawa wako nakushauri uchanganye nusu kwa nusu. Ukifika Mabibo pale soko la ndizi liitwalo Mahakama ya Ndizi saa za jioni, muulize muuzaji kwa heshima ndizi zilizokatika kwenye chane au zilizolegea, kwani atakuuzia kwa bei ndogo kuliko kuzirudisha kesho, na kwa kazi yako hizo ndizo bora.

Mzuzu ni jambo jingine. Hiyo ina wanga mwingi na maji machache, na hata ganda lake likiwa jeusi nyama bado ina ukakamavu, ndiyo maana inakaangika vizuri bila kuvurugika. Ukiitumia ingali ya manjano utapata mkate mkavu wenye chembe za unga. Ikiwa ndiyo uliyonayo, isubiri mpaka iwe nyeusi pande zote na ibonyee kwa kidole, kisha iponde pamoja na vijiko vitatu au vinne vya tui la nazi ili kufidia maji yaliyopungua. Tui na mzuzu vimezoeana tangu zamani katika vyungu vya mwambao, na katika mkate pia havigombani.

*Nauza vipande vya mkate wa ndizi ofisini kwetu Posta. Siku ya kwanza na ya pili unapendwa, siku ya tatu unaota ukungu. Nifanyeje? – Mjasiriamali, Kinondoni*

Mkate huu una unyevu mwingi na sukari ya matunda, na joto letu pamoja na unyevunyevu wa pwani ndiyo mazingira ukungu unayoyapenda. Siku mbili mezani ni haki yake. Usitafute ya tatu. Unachoweza kukirekebisha ni namna unavyoufunga, kwa sababu nina hakika unaufunga ungali na joto ili uwahi daladala ya asubuhi. Mvuke unaotoka hugota kwenye mfuko, hugeuka matone, na matone hayo hurudi juu ya ganda la mkate na kulilainisha, na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Oka jioni, uache upoe kabisa juu ya waya kwa saa mbili au tatu chini ya kitambaa chepesi, na uukate asubuhi kwa kisu kisafi kikavu. Mkate wenyewe utakuwa mtamu zaidi, kwa kuwa harufu ya ndizi hukolea ukilala usiku mmoja.

Usichokiuza siku hiyo kifunge kipande kimoja kimoja na ukiweke kwenye friza, ambako kitakaa hata miezi miwili na kuyeyuka mezani kwa muda wa saa moja. Friji ya kawaida inauchelewesha ukungu lakini inaukausha mkate, kwa hiyo kipande cha friji ukipashe kidogo kwenye kikaango kabla hujampa mteja. Kipande kilichokwisha kuonyesha doa la ukungu kitupwe chote pamoja na vilivyogusana nacho. Usikwangue doa ukauza kilichobaki, kwa maana nyuzi za ukungu hupita ndani ya mkate laini mbali zaidi ya pale jicho linapoona.

*Mama yangu ana ugonjwa wa kisukari na anaupenda sana mkate huu. Nikiondoa sukari yote na kubaki na ndizi tu, je, anaweza kula bila wasiwasi? – Binti wa Temeke*

Mwanangu, nakuelewa, kwa kuwa ni vigumu kumnyima mzazi kitu anachokipenda. Lakini sitakuambia kwamba mkate huo hautakuwa na sukari. Ndizi moja ya wastani ina wanga na sukari vya karibu gramu 27 kwa pamoja, na ndizi iliyoiva kupita kiasi hupandisha sukari ya damu haraka kuliko ile yenye ukijani, kwa sababu wanga wake umekwisha kuvunjwa tayari. Juu yake kuna unga wa ngano, ambao nao mwilini hugeuka kuwa sukari. Mkate usiotiwa sukari ni bora kuliko uliotiwa, na hapo ndipo faida inapoishia.

Ukimwokea, tumia unga wa atta usiokobolewa kwa nusu ya kipimo, ongeza karanga zilizosagwa kwa kukwaruza nusu kikombe, punguza ndizi hadi kikombe kimoja na ujazie kwa mtindi robo kikombe, na ukate vipande vyembamba. Kipande kimoja akile pamoja na chakula chenye mboga na kunde, kisiwe chai ya saa kumi peke yake. Kisha mpeleke swali hili kliniki anakohudhuria na umweleze mhudumu wake ukubwa wa kipande na viungo vyake, maana yeye ndiye anayejua dawa anazotumia mama na vipimo vyake vya karibuni.

*Nyumbani tuko wawili tu na kila wiki hubaki ndizi moja au mbili nyeusi, hazifiki za mkate. Nizitupe? Na nitajuaje kwamba ndizi imepita hatua ya kutumika? – Msomaji wa Kigamboni*

Nianze na la pili. Ganda jeusi si dalili ya kuoza, na doa la hudhurungi ndani ya nyama ni mchubuko tu wa safarini. Ndizi ya kutupa ina ukungu mweupe au wa kijivu kwenye kikonyo au kwenye ufa wa ganda uliofika ndani, inatiririsha maji yenyewe bila kubonyezwa, au inanuka pombe. Harufu hiyo ya pombe ni ya kweli, kwa kuwa chachu za hewani zimeanza kuila sukari yake. Huko mkoani Kilimanjaro watu huichachusha sukari hiyohiyo kwa makusudi, wakichanganya ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi kupata pombe ya mbege, lakini hiyo ni kazi inayosimamiwa na wanaoijua, nayo haina uhusiano na ndizi iliyosahauliwa nyuma ya kabati.

Hizo moja au mbili zako zimenye, kwa maana ganda likiganda litakusumbua kulitoa, uzitie kwenye mfuko wa plastiki wenye kufungika, utoe hewa na uweke kwenye friza, kila wiki ukiongeza zilizobaki. Zitadumu miezi mitatu. Barafu hupasua chembe za ndizi, hivyo zikiyeyuka zitakuwa zimelegea kabisa na kuogelea katika maji meusi ambayo yataonekana kama uharibifu, lakini sivyo. Zipime pamoja na maji hayo. Umeme ukikatika muda mrefu na ukazikuta zimeyeyuka na kupata joto, zitumie siku hiyohiyo bila kuzigandisha tena, na zikiwa chache ziponde ndani ya unga wa maandazi badala ya sehemu ya sukari na maji, au kwenye mchanganyiko wa chapati za maji za watoto. Andika kwa kalamu juu ya mfuko tarehe ya ndizi ya kwanza uliyoiweka, na mfuko ukikaribia gramu 350, toa siagi kwenye friji usiku ili asubuhi uikute imelainika.